Mipira ya Kufungia Mboga, Msimu wa Mvua

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa na Mwalimu. Mwalimu ni mkwe wangu, mke wa mwanangu, anafundisha darasa la kwanza. Alipojua kwamba shule niliiacha kabla sijazizoea herufi, na mimi akaniweka darasani. Anataka niandike kila siku, hata mstari mmoja, yeye atapitia na kalamu nyekundu. Nikamwambia mtu wa umri wangu hapigwi kalamu nyekundu. Akasema wanafunzi wake wote wana sababu zao.

Ana mimba, na tumbo limeshaanza kumtangulia mlangoni. Atakuwa mjukuu wangu wa kwanza. Mimi roho haitulii nikiziangalia ngazi za kwetu zinavyoteleza. Nimemwambia mwanangu azifanyie kitu. Yeye ni fundi wa majokofu. Ya watu yanapona, la kwetu linavuja.

Mvua imeanza leo.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Mafungu mengi. Vidole vinauma, sina la kuandika.

Jumanne, 11 Machi

Mwalimu kaandika kwa nyekundu: "Mama, nieleze kazi yako kama unamweleza mtu asiyeijua." Haya.

Tunafanya kazi kwenye banda la kufungashia mboga. Mboga zinatoka shambani asubuhi zikiwa na tope, zinaoshwa kwenye mabeseni makubwa yenye maji ya dawa, halafu zinaletwa mezani kwetu. Sisi tunachambua, tunapanga, tunafunga mafungu, yanaingia kwenye kreti, kreti zinaingia chumba cha baridi. Kuanzia hapo ni madukani na mahotelini. Mimi niko meza ya giligilani na vitunguu vya majani, vitu ambavyo watu hula vibichi.

Fungu hufungwa kwa mpira, ile mipira myembamba ya duara inayovutika. Mipira tunaivaa mkononi kama bangili, hadi karibu na kiwiko. Mkono wa kushoto unashika fungu, wa kulia unachomoa mpira, unazungusha mara mbili, basi. Huhitaji kutazama. Wageni huchukua mpira mmoja mmoja kutoka kwenye kopo, na hao msimamizi huwaambia wanafunga mboga kama wanafunga ndoa. Msimamizi tunamwita Haraka, maana ndilo neno lake. Mimi wananiita Bibi Vidole.

Ninayesimama naye ni Mama Mapacha, rafiki yangu wa miaka mingi, mtu wa maneno. Leo kaniambia nikifa watanizika na mipira yangu mkononi, nikawafungie malaika mafungu.

Majani yaliyokatika tunaruhusiwa kuondoka nayo. Mwalimu siku hizi mimba imemtuma majani mabichi. Ananisubiri mlangoni, ananipokea mfuko, anatafuna amesimama. Nikimwambia ayaoshe ananiuliza kwani huko kwenu mnayaosha kwa nini. Namtazama anavyokula, moyo unajaa.

Jumatano, 19 Machi

Leo tumepata mgeni. Mtafiti, binti bado, amekuja na kisanduku cha barafu na buti mpya nyeupe. Haraka alituita mapema akatuambia tuvue mipira yote, tuiweke kwenye kopo, na mbele ya mgeni tuchukue mmoja mmoja. Alisema watu wa vitabu wakiona mikono imevaa mipira watauliza maswali mpaka jioni. Tukavua. Mikono ilibaki mitupu, nikaona haya kama nimevuliwa kitambaa cha kichwa.

Mtafiti akasimama kwenye kreti akatueleza anachotafuta. Anasema kuna virusi vinavyosafiri kwenye chakula kibichi. Havionekani, havinuki, na mboga haiozi kwa sababu yake. Vinatoka tumboni mwa mtu, vinakaa mkononi akitoka chooni asiponawa sawasawa, au kwenye maji ya kumwagilia yaliyoingia uchafu. Akasema bakteria akipata chakula na joto anazaana pale pale kwenye mboga, lakini kirusi hazaani. Anakaa tu akisubiri mtu amle. Na chumba cha baridi hakimuui, kinamtunza. Maji ya dawa yanapunguza, hayamalizi. Mwenye kuvibeba anaweza asijisikie hata kuumwa.

Mama Mapacha akamuuliza kama hivyo virusi vina meno. Watu wakacheka, na mtafiti naye akacheka, akasema vingekuwa na meno kazi yake ingekuwa rahisi.

Akapangusa meza kwa vijiti vya pamba, akapangusa visu, kreti, viganja vyetu, akachota maji. Kila kitu kwenye kichupa chake. Mwishoni akauliza kama hivi ndivyo tunavyofanya kazi siku zote. Haraka akajibu ndivyo. Sisi wengine tukawa tunaangalia giligilani.

Alipotoka tu, tukavaa mipira yetu. Mimi nilimwona ni mtoto wa watu aliyekuja kutufungia banda. Nimeandika ninavyofikiri, Mwalimu nisamehe.

Jumatatu, 24 Machi

Mapacha wanaharisha. Mama yao kaja kazini hivyo hivyo, kawaacha kwa jirani. Alikuwa anatoka kila mara kwenda kuwapigia simu. Nimemfungia mafungu yake ili Haraka asimseme.

Mvua haijakatika.

Jumatano, 2 Aprili

Mwalimu amerudi mapema kutoka shule, amechoka. Nimemwambia ni mimba.

Jumamosi, 5 Aprili

Hataki kula. Ametapika supu, ametapika chai, hata majani yake hayataki, kasema harufu tu inamgeuza. Mwanangu aliuliza kama twende hospitali. Nikamwambia wanaume bwana, mimi nikiwa na mimba yako nilitapika mpaka nikawachukia majirani, na wewe huyo umesimama. Akatulia. Ni mimi niliyemtuliza.

Jumatano, 9 Aprili

Macho yake ni ya njano.

Nilikuwa namfungulia pazia apate mwanga, akageuka kunitazama, nikaona. Siyo njano ya mtu mchovu. Njano kabisa, kama kuna mtu kayapaka. Nikamuuliza kuhusu mkojo, akasema tangu juzi una rangi ya chai ya rangi, aliona aibu kuniambia. Aliona aibu kuniambia mimi.

Tulishuka zile ngazi mwanangu mbele, mimi nyuma nimeshika nguo yake. Daktari ni mama wa makamo asiyepoteza maneno. Kamtazama macho, kambonyeza chini ya mbavu, akatoa damu. Baadaye akatuita akasema ni homa ya ini, aina inayoingia kwa kula na kunywa. Wengi hupona wenyewe wakipumzika. Lakini mimba imeshakuwa kubwa, na ugonjwa huu unaweza kuuleta uchungu kabla ya wakati wake, kwa hiyo habanduki hospitalini. Mwanangu akauliza ameupata wapi. Daktari akasema ni vigumu kujua, kwa sababu tangu uingie mwilini mpaka macho yabadilike huweza kupita wiki mbili, hata mwezi mzima na zaidi. Nani anakumbuka alichokula mwezi uliopita?

Mimi nakumbuka. Alikuwa anakula amesimama mlangoni.



Alhamisi, 10 Aprili

Nataka niandike hili polepole.

Nilikwenda kumwona asubuhi. Alikuwa amelala ubavu, nywele zimemfunika uso na zimeshikana kwa jasho. Muuguzi wa zamu akanionyesha sinki, akaniambia ninawe kabla ya kumgusa na ninawe tena nikimaliza, maana ugonjwa huu unapita mikononi. Nikanawa vizuri. Kunawa najua, kazini tuna sabuni, tuna maji, tuna picha ukutani ya mikono inayosuguana. Nikakausha, nikaja kitandani, nikazikusanya zile nywele nyuma, nikachomoa mpira mmoja mkononi nikazifunga. Sikufikiri. Mkono ulifanya wenyewe, kuzungusha mara mbili, kama fungu.

Akaniambia, "Asante, Mama." Akafumba macho.

Nikakaa kwenye kiti, na ndipo nikauona mkono wangu. Viganja vyeupe, vimesuguliwa. Na juu yake mipira, iko pale pale, mikavu.

Sisi sote tukienda kunawa tunaisukuma mipira juu kuelekea kwenye kiwiko. Sabuni ikiishika inateleza, na mpira unaoteleza unakuchelewesha. Mimi mwenyewe nimewaambia wageni wangapi: sukuma juu, usiilowanishe. Chooni tunakwenda nayo. Watoto tunawasafisha tumeivaa. Nyumbani naondoka nayo, nalala nayo, nakoroga chungu nayo, narudi nayo. Kisha naichomoa mmoja mmoja naifunga kwenye majani ya watu ya kula mabichi. Na yule binti wa buti nyeupe alipangusa viganja vyetu, mikono yetu ikiwa mitupu.

Nikainuka nikamfungua nywele. Akashtuka, akauliza kuna nini. Nikamwambia umekaza. Nikararua kipande cha ukingo wa kanga yangu nikamfunga nacho. Nikanawa tena, safari hii mpaka kwenye kiwiko.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimerudi kazini maana kukaa naye siku nzima hawaruhusu, na mipira nimeivaa kama wote kwa kumwogopa Haraka. Meza ya pili kuna mama naye macho ni ya njano. Haraka kamrudisha nyumbani akatuambia ni uchovu wa mvua, tusieneze maneno.

Mama Mapacha alinishika mkono akaniambia Mwalimu atapona, kila siku anamwombea. Mimi nilikuwa namtazama mkono wake wa kushoto. Mipira imepanda mpaka juu. Nikakumbuka wiki ile ya mapacha, nikakumbuka mafungu yake niliyoyafunga, na mfuko wa majani nilioondoka nao jioni ile. Nikajisikia kumchukia. Miaka yote tumesimama meza moja, amenizikia mume, nami nimempokea mapacha siku waliyotoka hospitali, lakini leo nilimchukia kwa sababu watoto wake waliumwa tumbo. Nikavuta mkono wangu. Aliona.

Kesho mtafiti anakuja kusoma majibu.

Jumanne, 15 Aprili

Mtafiti kaja na karatasi zake. Amesema meza safi, visu safi, viganja safi, maji ya kuoshea yanaridhisha. Lakini mjini wagonjwa wa homa ya ini wanaongezeka, na watatu kati yao wanasema walikula mboga zinazotoka kwetu. Sasa anataka kwenda kuchunguza kisima cha shambani. Haraka akafurahi, akasema ndiyo, ni kisima, yeye siku zote amekishuku kisima. Ameanza kukishuku leo.

Mtafiti alikuwa anafunga kisanduku chake. Nikajua akishatoka nje ya lile geti, hatarudi mpaka kisima kimalizike, na mafungu yataendelea kutoka, na kila fungu lina mlango wake linakokwenda na mtu anayelisubiri.

Nikasema, "Mwanangu, ngoja kidogo. Siku ile hukutuona tunavyofanya kazi."

Haraka akaniita kwa cheo changu chote, Bibi Vidole, nadhani mafungu yanakusubiri. Mimi nikanyoosha mkono wangu mbele ya mtafiti, na mipira yake yote. Nikamweleza. Kuivaa, kuisukuma juu, chooni, nyumbani. Na kopo la siku ile. Nikamwambia mkwe wangu yuko wodini, na mimi ndiye niliyembebea majani.

Hakunikemea wala hakumgeukia Haraka. Akakaa kwenye kreti, akasema yeye alitafuta kila mahali alipofikiri mkono unagusa, hakufikiria kitu ambacho mkono unakivaa. Kisha akatoa mifuko midogo, mingi, na kalamu. Akasema kila mmoja atavua mipira yake aiweke kwenye mfuko wake, ataandika namba, majina hatatangaza.

Hapo niliwaona wenzangu wanavyotazamana. Namba ni jina tu lililovaa kofia. Kila mtu pale anajua nani mwanawe aliharisha na nani alikuja kazini anaumwa. Macho yao yalikuwa yanakwenda kwa Mama Mapacha, na yeye ameinamisha kichwa, mkono kauficha kwenye aproni.

Na mimi nilitaka kujua. Mungu ananiona, nilitaka kujua kuliko wote.

Nikamwambia mtafiti, "Toa mfuko mmoja mkubwa. Tuchanganye yote."

"Mama, nikichanganya sitajua imetoka kwa nani."

"Ndiyo. Na sisi tusijue."

Akasema kwa utafiti wake hiyo ni hasara. Nikamwambia kuna hasara nyingine, ya watu hawa kumla mwenzao mzima mzima, kisha kesho kuvaa mipira kama kawaida kwa kuwa mkosaji ameshapatikana. Akafikiri. Akarudisha mifuko midogo, akatoa mmoja mkubwa akaufungua mdomo.

Nikavua ya kwangu kwanza. Wa pili kuvua alikuwa Mama Mapacha. Hakunitazama. Kisha wengine, mmoja mmoja, mpaka mfuko ukajaa. Mwisho mtafiti akautikisa kama mtu anayepepeta.

Ijumaa, 18 Aprili

Banda limesimamishwa mpaka majibu yatoke. Njiani watu wa kazini hawanijibu salamu. Mmoja amesema nimeuza watu kwa ajili ya mkwe.

Jumapili, 20 Aprili

Uchungu umekuja. Mtoto amezaliwa. Wa kike, njiti, ngozi yake nyembamba kama karatasi ya kitunguu. Wamemweka kwenye kisanduku cha joto. Mwalimu yu hai. Siwezi kuandika zaidi.

Jumatatu, 21 Aprili

Bado wako hai wote wawili.

Jumanne, 22 Aprili

Wako hai. Mvua.

Ijumaa, 25 Aprili

Mama Mapacha kaja hospitalini na chupa ya chai. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini. Hakuongea, na kwa yule mtu kutoongea ni kazi kubwa. Baada ya muda akaniuliza, "Ulidhani ni mimi?"

Nikamwambia ndiyo.

Akamimina chai. Akasema hata yeye alidhani ni yeye, na wiki nzima hajawashika wanawe bila kutetemeka. Tulikunywa kwa kikombe cha kifuniko, kila mmoja na zamu yake. Halafu akakumbuka, akacheka, akaenda kukiosha.

Alhamisi, 8 Mei

Majibu. Mtafiti ametuita sote bandani, hata Haraka ambaye siku hizi anasema polepole. Kwenye ule mfuko wa mipira imeonekana alama ya virusi vya homa ya ini. Imeonekana pia kwenye fungu moja la giligilani lililokuwa chumba cha baridi, mahali mpira ulipobana shina. Kwa nini hapo, akasema, kwa sababu majani yanapobanwa yanachubuka, na palipochubuka panashika.

Mama mmoja akauliza basi ni sisi tulioumiza watu. Mtafiti akasema hawezi kusema hivyo, na hawezi kusema sivyo. Mashine yake inaona alama ya kirusi, haimwambii kama kilikuwa na nguvu ya kuambukiza. Virusi vya kwenye mipira ni vya ukoo mmoja na vilivyo kwenye damu ya mkwe wangu, lakini ukoo huo umeenea mji mzima. Kisima nacho bado anakichunguza.

Nilitaka aseme ndiyo au aseme hapana. Nilimkasirikia. Halafu nikamwangalia uso, nikaona hajalala siku nyingi, na zile buti nyeupe sasa zina rangi ya tope letu. Naye angependa kujua.

Kila mmoja amepimwa damu na kuambiwa lake sirini, na wasio na kinga wamechanjwa. Banda limefunguliwa leo kwa masharti: mipira sasa inakaa kwenye kulabu juu ya meza, hairudi ikishatoka, na mkono unabaki mtupu. Tumekuwa wazito kama wageni. Mkono wangu bado unachomoa mpira ambao haupo.

Alhamisi, 15 Mei

Mtoto amenyonya mwenyewe.

Jumapili, 25 Mei

Wamerudi nyumbani. Mwanangu amezipiga ngazi zote sementi yenye mikwaruzo, hata kipofu hatelezi. Jua limetoka, nguo za mtoto zimejaa kambani.

Mwalimu aliomba daftari lake, apitie. Nikasema kwanza nikuambie kwa mdomo, halafu usome. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikamwambia yote: majani, mipira, mpira niliomfungia nywele, mfuko niliouchanganya, na kwamba kwa kuuchanganya hatutajua kamwe kama ulikuwa mkono wangu. Nilisema nikiangalia sakafu. Nilipomaliza sikuwa na mahali pa kuweka mikono.

Aliinua macho. Njano imemtoka machoni, imebaki kidogo tu pembeni. Kisha akasema, "Nimekasirika, Mama. Sikufichi. Nimelala kule siku zote zile najiuliza nimemfanyia nini mtoto wangu."

"Najua."

"Nilikuwa nayatamani yale majani. Nilikuwa nakuangalia dirishani ukija."

Mtoto akaanza kulia, ile sauti yake ndogo kama mlango usiotiwa mafuta. Mwalimu akamwinua, akamtazama, akanitazama na mimi. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umelala mapajani, na kwenye kifundo kuna mstari mweupe, ngozi ambayo miaka yote haikuona jua.

Akasema, "Kanawe, umshike."